Kengele ya dini huwatawanya watoto. Ya kuwakusanya iko wapi?

Rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe ikigongwa kutangaza kipindi cha dini, darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, hugawanyika papo hapo. Wakatoliki hubaki na katekista wao. Wamennonite, Waanglikana na watoto wa AIC huhamia darasa la jirani kwa mwinjilisti aliyekuja na baiskeli. Wasabato wana mwalimu wao, na Waislamu humngoja ustadhi kibarazani. Asipotokea, fagio hutafutwa na uwanja ukafagiliwa. Yupo pia mtoto ambaye kwao hakuna kanisa wala msikiti, huyo humfuata rafiki yake popote aendako. Kipindi kikiisha wote hurudi kwenye madawati yaleyale, watatu watatu, na somo linalofuata huenda likawa Hisabati. Hakuna atakayewauliza wenzake walijifunza nini huko walikokwenda. Utaratibu huu tumeuzoea kiasi cha kutouona tena. Sina ugomvi nao, na sitaki ufutwe. Ninachosema ni kwamba shule ya umma iliyojiwekea ratiba ya kuwatawanya watoto kwa dini zao inawadai pia somo la kuwakusanya, ambamo mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kisabato watasoma pamoja jinsi dini zilivyofika hapa, zilivyopokelewa na jirani anaamini nini. Kwa mkoa wa Mara, karibu kila kinachohitajika kulifundisha somo hilo kipo ndani ya mwendo wa daladala moja.

Tuanze na wema wa utaratibu uliopo, maana haukuja kwa bahati mbaya. Mwanafunzi maarufu kuliko wote aliyepata kusoma Musoma alizaliwa Butiama Aprili 1922, akaitwa Kambarage, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Aliingia shule ya Mwisenge mwaka 1934 bila ubatizo wala shahada. Mwisenge ilikuwa shule ya serikali ya kikoloni, na akiwa hapo ndipo alipoanza kufuata mafundisho ya mapadre wa misheni ya Nyegina. Hata hivyo, hakubatizwa mpaka Desemba 1943, akiwa na miaka 21, tayari akiwa mwanafunzi wa Makerere. Kati ya kusikia na kuamua ilipita miaka tisa, na katika miaka hiyo nafasi yake darasani haikutegemea jibu lake. Watoto wengi wa kizazi chake hawakuwa na uhuru huo, kwa sababu shule iliyokuwa karibu nao ilikuwa ya misheni, na mara nyingi mlango wa darasa ulipitia kanisani. Waislamu wa Tanganyika walilipia gharama kubwa kwa hali hiyo. Uhuru ulipofika, wasomi wao walikuwa wachache kupita kiasi. Kambarage Nyerere huyuhuyu, Mkatoliki wa misa za asubuhi, ndiye aliyekuja kuzitaifisha shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969, akawaachia viongozi wa dini nafasi ya kuingia shuleni kuwafundisha watoto wa waumini wao. Katiba nayo, katika ibara ya 19, inaifanya kazi ya kueneza dini kuwa huru na ya hiari ya mtu binafsi, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Kipindi cha dini cha leo ni mtoto halali wa historia hiyo: dola haimhubirii mtoto, ila inampa mhubiri chumba na dakika zake.

Tatizo linajitokeza mtoto anapotoka kwenye kipindi hicho na kufungua kitabu cha historia. Humo dini imetengewa kazi ya utumishi. Kwa miaka mingi, katika vitabu vya sekondari na hata katika Maarifa ya Jamii ya msingi, wamisionari wameingia kwa orodha ileile pamoja na wapelelezi na wafanyabiashara: mawakala wa ukoloni. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuitaja orodha hiyo usingizini, kwa sababu ndiyo inayompa alama. Na orodha haikosi ukweli. Wajerumani wa Kisabato waliofungua misheni Majita kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walifanya kazi chini ya bendera ya Wajerumani, na misheni zote zilipata ardhi na vibali kwa wakoloni. Lakini mwanafunzi huyohuyo akitaka kuitumia orodha kueleza mkoa wake, inamkatikia mkononi. Wamennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walikuwa Wamarekani, wengi wao wa Pennsylvania, katika nchi ambayo Waingereza walikuwa wameshaitawala kwa zaidi ya miaka 10. Tena walikuwa watu wa kanisa lisiloruhusu waumini kushika silaha kwa ajili ya mfalme yeyote. Mapadre wa Maryknoll walioanza kazi Musoma mwaka 1946 walikuwa Wamarekani pia. Hawa walikuwa mawakala wa koloni la nani? Swali hilo ni zuri kwa mtihani kuliko orodha, kwa sababu linamlazimisha kijana kufikiri: pengine atasema walibeba ustaarabu wa kizungu hata bila bendera, pengine atasema hawakuwa mawakala kabisa. Vyovyote atakavyojibu, itabidi ajue kitu.

Kuna kasoro nyingine katika orodha hiyo ambayo naiona kubwa zaidi. Inamfanya Mwafrika kuwa mpokeaji tu. Wazungu walikuja, wakafanya hivi, wakaacha vile. Wazanaki, Wajita, Wakwaya, Waikizu na Wajaluo wa Mara wanabaki kama uwanja ambao mambo yanatendewa juu yake. Ukweli wa mkoa huu ni kwamba kazi kubwa ya kueneza Ukristo ilifanywa na makatekista, wainjilisti na walimu wenyeji, wengi wao wakiwa na elimu ndogo na baiskeli mbovu. Zedekia Kisare, Mjaluo aliyekuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo wa Shirati, aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Tukio hilo lilikuwa kujitegemea kwa kanisa zima, na lilitokea mkoani kwetu, lakini mtoto wa Bunda anaweza kumaliza kidato cha nne akijua tarehe ya Azimio bila kuwahi kulisikia jina la Kisare. Kitabu hakimuulizi nani alitangulia kwenda misheni, kijana au mzee, msichana au mvulana, na alikuwa anatafuta nini huko: kusoma, dawa, mume tofauti, au Mungu. Majibu ya maswali hayo yako kwa mabibi na mababu walio hai, na kila mwaka tunawazika wachache.

Uislamu nao unatendewa kwa mtindo mwingine. Katika vitabu unafika kwa jahazi pamoja na shanga na nguo, unajenga misikiti ya mawe Kilwa, unazaa utamaduni wa Waswahili, halafu unapotea. Ukikutwa tena ni katika biashara ya watumwa. Mtoto wa Kiislamu wa Musoma, anayesikia adhana kila siku mtaani kwao, hana ukurasa unaomweleza dini yake ilifikaje ziwani. Na hadithi yenyewe ni tamu: misafara iliyopita Tabora, wafanyabiashara na askari waliofuata barabara na maboma ya Wajerumani, na ng'ambo ya Ziwa Victoria ikulu ya Buganda, ambako Uislamu ulifika kabla ya mmisionari yeyote wa Kikristo na Kabaka Muteesa I mwenyewe akafunga Ramadhani. Mtoto asiyeonyeshwa haya hujiona mgeni katika mkoa wake, na mwenzake wa Kikristo naye humwona hivyohivyo.

Zilizobaki ni dini za wenyeji, na hapa vitabu vinajipinga vyenyewe. Kinjeketile Ngwale ana heshima yake katika kila kitabu cha historia ya Tanzania. Maji yake yaliwaunganisha watu wa kusini dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, na mwanafunzi hufundishwa kwamba imani ilikuwa nguvu ya umoja katika vita vile. Sawa kabisa. Sasa mchukue Nyakinywa, mwanamke ambaye masimulizi ya Waikizu yanasema alitoka Kanadi, Usukuma, akiwa na uwezo wa mvua, na ambaye ukoo wake ndio ulioanzisha utemi wa Ikizu, eneo ambalo leo sehemu kubwa yake iko wilaya ya Bunda. Habari zake zimeandikwa na wenyeji wenyewe, P. M. Mturi na S. Sasora, katika Historia ya Ikizu na Sizaki, tena kwa Kiswahili. Huyu hamo katika somo. Maji ya Kinjeketile yanaleta alama kwa sababu yalipigana na Mjerumani. Mvua ya Nyakinywa iliotesha mtama tu, basi ikaitwa ushirikina. Nenda Butiama penyewe, kwenye kile kichaka cha Muhunda kinachotajwa kuwa makao ya mzimu wa Wazanaki. Watalii huonyeshwa na kuelezwa. Mwanafunzi wa shule iliyo umbali wa kutupa jiwe huambiwa, kama ataambiwa, kwamba ni mambo ya kale. Hata jina la Nyamuhanga, ambalo kwa matamshi mbalimbali limekuwa jina la Mungu muumba kwa Wajita na jirani zao kabla ya Biblia kufika, na ambalo watafsiri wa Biblia wamelikuta likisubiri, halipati mstari mmoja.

Mtu anaweza kuuliza hasara iko wapi. Mara ina watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2022, na watu hao wanazikana na kuoana bila kuulizana dini. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini utulivu unaokaa juu ya kutojuana ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Oktoba 2012 huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, walibishana kuhusu nguvu ya Kurani. Ubishi ule wa kitoto ukaishia kwa kitabu kitakatifu kudhalilishwa, na siku chache baadaye makanisa yakachomwa moto. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, hapahapa Kanda ya Ziwa, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja ulimuua mchungaji. Sitadai kwamba kipindi kimoja cha shule kingezuia vifo au moto. Ghasia zina wachochezi wake, na mara nyingi ni watu wazima wenye hesabu zao. Ila kiini cha mkasa wa Mbagala ni mtoto asiyejua kitabu cha mwenzake ni nini kwa mwenzake. Hilo linafundishika. Kwa nini Mwislamu hutawadha kabla ya kushika msahafu, kwa nini Mkatoliki hupiga goti mbele ya tabenakulo, kwa nini Msabato hafui nguo Jumamosi: haya ni mambo ya nusu saa, na mtoto wa miaka kumi anayaelewa vizuri kuliko sisi.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye mitihani. Kwa kuwa Elimu ya Dini ya Kiislamu hufanywa na Waislamu, na Maarifa ya Biblia kwa sehemu kubwa na Wakristo, kila somo limekuwa kama mali ya jumuiya yake. Mwaka 2012 matokeo ya kidato cha sita ya somo la Kiislamu yalitoka mabaya kupita kawaida. Ikabainika kuwa kulikuwa na kosa katika ukokotoaji wa alama, na Baraza la Mitihani likayasahihisha. Kosa kama lile likitokea katika Fizikia, wazazi hulalamika kama wazazi. Hapa walilalamika kama umma wa dini moja, maandamano yakafuata, na kidonda hakijafunga vizuri hadi leo. Siwalaumu waliolalamika, kosa lilikuwepo kweli. Nasema tu kwamba nchi ambayo haijauliza dini katika sensa tangu 1967, kwa kuogopa hesabu hizo zisije zikatugawa, imejikuta na vyumba vya mtihani vinavyohesabu watu kwa dini zao kila mwaka.

Suala la Jumamosi linatuhusu watu wa Mara kuliko mikoa mingi, maana Wasabato wa Majita, Ikizu na Musoma ni wengi na wa siku nyingi. Shule nyingi huwaita watahiniwa wa darasa la saba na kidato cha nne kwa masomo ya ziada siku hiyo. Mwalimu mkuu anayeielewa Sabato atapanga Jumapili mchana, au ataweka kipindi cha kufidia Jumatatu jioni. Asiyeielewa ataandika mtoro. Majirani zetu wamefikishana mahakamani kwa jambo hilihili. Uganda, Mahakama ya Juu mwaka 2006 iliikataa rufaa ya wanafunzi wa Kisabato wa Makerere waliopinga mitihani ya Jumamosi. Kenya, Mahakama ya Rufani mwaka 2017 iliamua kinyume chake, kwamba shule zimpe mwanafunzi Msabato nafasi ya kuabudu. Kenya hiyohiyo ilivutana miaka kadhaa juu ya hijabu katika shule moja ya Isiolo iliyodhaminiwa na kanisa, hadi Mahakama ya Juu mwaka 2019 ilipotengua ushindi wa wasichana kwa sababu za kiutaratibu. Sisi hijabu katika shule za umma tumeizoea bila wakili. Ni busara ya watu wetu, lakini busara hiyo inategemea moyo wa mwalimu mkuu mmojammoja, na walimu wakuu huhamishwa.

Basi pendekezo langu ni dogo kuliko linavyosikika. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili. Nyumba ipo, haihitaji kujengwa. Ndani yake iwekwe mada, kuanzia darasa la nne au la tano na kuendelea kidato cha kwanza, inayosomwa na watoto wote wakiwa wameketi pamoja, kuhusu dini za Watanzania: asili yake, jinsi zilivyosambaa, wanachoamini waumini wake kwa maneno ambayo wenyewe wangeyakubali, na jinsi zilivyobadilishwa na watu waliozipokea. Afrika Kusini ilifanya jambo la namna hii katika sera yake ya 2003: mafundisho ya imani yakaachiwa familia, makanisa, misikiti na mahekalu, na elimu kuhusu dini ikawa kazi ya shule, chini ya mwalimu wa kawaida. Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 ilichukua njia nyingine, ya kuwaacha Wakristo, Waislamu na Wahindu kila mmoja na somo lake, ingawa lile la Kikristo kidato cha kwanza lilikuwa na mada nzima kuhusu dini za Kiafrika. Zanzibar, ambako Uislamu na Kiarabu ni sehemu ya kawaida ya shule za msingi, ina mazingira yake na sitaigusa. Kwa Bara, njia ya Afrika Kusini ndiyo inayolingana na Katiba yetu, na vipindi vya katekista na ustadhi vibaki palepale vilipo.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanaosema serikali haina dini, kwa hiyo isifundishe dini. Msemo wenyewe una nusu ya pili: watu wake wanazo. Serikali haina chama katika darasa la historia pia, lakini inafundisha TANU, ASP, na kurejea kwa vyama vingi mwaka 1992. Kutofungamana na dini ni kutomwambia mtoto aamini nini. Kumficha kitu ambacho nusu ya majirani zake wanakiishi ni jambo jingine, na kusema kweli shule zetu hazijawahi kuwa kimya juu ya dini: zimesema wamisionari walikuwa mawakala na babu alikuwa mshirikina. Huo ni msimamo tayari, tena msimamo wa hovyo.

Pingamizi la pili ni la viongozi wa dini, na nalichukulia kwa uzito zaidi. Wanaogopa kwamba mtoto akipewa dini zote kwenye sahani moja ataona zote ni sawa, au atayumba. Hofu hiyo ingekuwa na nguvu kama kipindi chao kingeondolewa. Kikibaki, wao ndio wenye kazi ya kumsimika mtoto katika imani, na shule ina kazi ya kumjulisha yaliyopo. Tena historia ya mkoa huu inawajibu vizuri. Nyerere, aliyelelewa katika ibada za Wazanaki na kukutana na kila dini ya nchi hii, hakuyumba. Jimbo Katoliki la Musoma limekuwa likifuatilia mchakato wa kumtangaza mwenye heri kwa takribani miaka 20 sasa. Na alipozeeka alifanya jambo ambalo ningetamani liwe ukurasa wa kwanza wa mada hiyo. Alizitia Injili katika tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Utenzi ni umbo lililolelewa na washairi Waislamu wa pwani, ambao kwa karne nyingi walilitumia kusimulia habari za Mtume na vita vya mwanzo vya Uislamu. Mzee wa Butiama alichukua chombo cha Waislamu wa Lamu na Pate, akakijaza Mathayo na Luka, na hakuna aliyemwuliza kama amesilimu. Angewezaje kufanya hivyo asingekuwa ameusoma na kuuheshimu utamaduni ule?

Kuhusu walimu, najua jibu la haraka: mwalimu ni muumini, atapendelea kwake. Wengine watapendelea. Mwalimu wa Uraia naye alikuwa na kadi ya chama mfukoni, na hatukulifuta somo lake kwa sababu hiyo. Dawa yake inajulikana: kitabu kilichoandikwa kwa makini na kusomwa na wahusika kabla ya kuchapwa, mafunzo ya miezi michache katika vyuo kama vya ualimu Bunda na Tarime, na mtihani unaouliza maarifa bila kugusa imani. Wale wanaosema mtaala umejaa, wana haki, ila siombi somo jipya. Naomba vipindi vichache ndani ya somo linalodai kufundisha maadili huku likiona haya kutaja mahali ambapo wengi wa wazazi wetu wanayatoa maadili hayo.

Pingamizi la ushirikina ni zito Kanda ya Ziwa, na mtu asilidharau. Vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, watu wenye ualbino wamekatwa viungo, na wapiga ramli chonganishi wamekuwa nyuma ya mengi ya hayo. Je, kumfundisha mtoto habari za mizimu na watawala wa mvua si kumfungulia mlango? Naona ni kinyume. Mtoto aliyefundishwa jinsi wazee wa Ikizu walivyoomba mvua hadharani, kwa zamu, kwa kanuni na kwa faida ya wote, ana kipimo cha kumtambua mpiga ramli anayekaa gizani na kumwelekeza mteja kwa jina la jirani. Asiyefundishwa lolote anaviona vyote ni kitu kimoja chenye nguvu na cha kutisha, na hofu hiyo ndiyo mtaji wa mganga. Ukimya wa vitabu kwa miaka sitini haujaokoa kikongwe hata mmoja.

Kitabu cha ziada cha kurasa arobaini hivi kingetosha kuanza majaribio katika wilaya tatu: Musoma, Bunda na Butiama. Majimbo ya Musoma na Bunda yana kumbukumbu zake, Wamennonite wana za kwao, na Wasabato, Waanglikana, AIC na Bakwata mkoa wana wazee wanaokumbuka nani alijenga nini na lini. Wazee wa Ikizu walishaandika. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yako Butiama, na Mwisenge bado ni shule, watoto wanaingia kila asubuhi. Taasisi ya Elimu Tanzania iwaite watu hawa mezani, na iwaite wakati wazee wenyewe bado wapo.